Alama za Pumzi za Shangazi

Fundi Kurasa, kama walivyomwita kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu, kazi yake ilikuwa kupanga maandishi kwenye kompyuta hadi kitabu kipendeze. Shangazi yake, mwalimu wa kwaya, alipolala hoi kitandani, alimwomba ampangie nyimbo alizotunga maisha yake yote.

Siku ya kuchapa, mtambo uligoma kusoma faili lake. Akaihifadhi kazi kwa mfumo wa zamani wa herufi, waliouzoea pale. Haraka haraka haina baraka. Kompyuta hutunza kila alama kwa namba yake, na mfumo ule haukuwa na namba za alama za shangazi: pa kuvuta pumzi, pa kupaza, pa kushusha sauti. Zote zikageuka alama za kuuliza, zisitofautiane hata kidogo. Nakala nyingine hakuwa nayo, na karatasi za awali zilishaliwa na mchwa.

Akaenda kwa shangazi na kurasa mkononi. "Shangazi, nimekuharibia."

Shangazi akazitazama, akacheka kidogo. "Hata nyimbo zinaniuliza naondoka lini. Kaa, nikuimbie, wewe andika."

Akaimba kwa sauti nyembamba kama uzi, fundi akirudisha alama moja moja kwa kalamu. Katika wimbo wa mwisho shangazi akakwama.

"Hapa sikumbuki, mwanangu. Nilipaza au nilishusha?"

"Sijui, shangazi."

"Basi weka pumzi. Waimbaji wakishavuta pumzi, wataamua wenyewe."

Fundi akaiweka. Kisha hakuondoka, alikaa kando ya kitanda, asije shangazi akakumbuka akakosa wa kumwandikia.