Sumaku Kichwani mwa Njiwa wa Shangazi

Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, anafuga njiwa kule Marui, Kisarawe. Mimi naishi Kongowe, Kibaha, nafuga vitabu. Ukinunua njiwa kwake anakupa sharti moja: uwafungie bandani mpaka waangue vifaranga kwako, ndipo uwafungulie. Ukiwaachia mapema watarudi Marui, na yeye hataki lawama.

Siku moja nilikuwa kwake, anamenya mihogo, nikamuuliza anadhani wanarudije.

"Wanawafuata wenzao."

"Hiyo ni sababu ya kurudi, shangazi. Mimi nauliza njia wanaijuaje."

"Haya, tufundishe, profesa."

Mimi si profesa. Nina shahada moja ya zamani na makala nyingi nilizosoma nusunusu. Nikafundisha hivyo hivyo. Nikasema dunia ni sumaku kubwa, na njiwa ana chembe za chuma mdomoni zinazomwelekeza kama sindano ya dira. Alisikiliza mpaka mwisho, kisu hakikusimama.

"Kwa hiyo nikimlisha misumari atafika Maka."

Binti yake alicheka kule jikoni mpaka akakohoa. Na mimi nikacheka, lakini nilirudi Kibaha nimenuna.

Juma lililofuata nikaenda kumwomba dume mmoja, nikamrushe kutoka kwangu tuone atarudi kwa muda gani. Nilimchagua mwenyewe: yule ambaye mwenzake alikuwa ameatamia mayai mawili. Njiwa hupokezana, jike hulala na mayai usiku, dume huyashika mchana, kwa hiyo huyu angekuwa na haraka kuliko wote.

Shangazi alisita. "Huyo ana zamu."

"Kesho kabla ya adhuhuri utakuwa naye."

Akamtia kwenye kikapu, akafunika kwa kanga yake.

Habari ya sumaku ya kumvurugia dira sikumwambia. Niliitoa kwenye spika ya simu mbovu, kitu kidogo kuliko punje ya hindi. Siku nayo nilikuwa nimeichagua kwa utabiri wa hali ya hewa, ya mawingu, kwa sababu njiwa akiliona jua huweza kulifuata, na mimi nilitaka asibakiwe na kitu cha kumwongoza. Nikaibandika kwa gundi juu ya mdomo, karibu na pua. Akatikisa kichwa mara mbili, kisha akatulia, akinitazama kwa jicho moja. Nilipomwachia alizunguka juu ya paa, akazunguka tena, akashika upande wa Ruvu. Kisarawe haiko huko. Nami, Mungu anisamehe, nikapiga makofi.

Jioni shangazi akapiga simu. "Umemrusha?"

"Tangu asubuhi."

"Hajafika. Mwenzake hajanyanyuka hapo alipo, hata mtama nimempelekea mdomoni, hataki."

Hapo ndipo ningeweza kusema. Nikasema, "Labda mwewe, shangazi."

"Mwewe wa Kibaha ana bidii."

Usingizi uliponikataa nikaanza kusoma, safari hii mpaka mwisho. Kumbe zile chembe za chuma za mdomoni zilishakataliwa zamani: seli zilizozibeba zilionekana kuwa za ulinzi wa mwili tu, hazihusiani na dira. Wengi sasa wanashuku jicho. Ndani yake mna protini iitwayo kriptokromu. Mwanga wa buluu ukiigusa, elektroni huhama na kuacha jozi ya elektroni zilizotengana, na jozi hiyo huyumbishwa na sumaku ya dunia, dhaifu kama ilivyo. Huenda ndege huiona kaskazini kama sisi tunavyoona kivuli. Hata hilo halijathibitishwa lote. Nilikuwa nimemtesa kiumbe kwa nadharia iliyokwisha kufa, na hiyo hai nayo haina uhakika.

Jumamosi nikaenda Marui na kilo mbili za sukari, kama mtu anayekwenda kuhani msiba.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa."

Akaleta chai. Kwenye kisahani, mahali pa kijiko, palikuwa na ile sumaku, imeshikwa na unyoya mmoja wenye gundi.

"Mwewe wako alisahau hiki," akasema.

Dume alikuwa amerudi siku ya nne, amekonda, anatembea zaidi ya kuruka. Kumbandua gundi kulikula asubuhi nzima na mafuta ya nazi. Jike alivumilia siku mbili peke yake, ya tatu njaa ikamtoa. Mayai yalipoa. Yalitupwa.

Nikafungua mdomo niombe radhi, na nilichojisikia nikisema ni, "Unajua, shangazi, kumbe ni jicho..."

"Kunywa chai, mwanangu."

Nikanywa. Ilikuwa haina sukari. Ile yangu ilikuwa bado sakafuni kwenye mfuko. Nilipomaliza nikasema nilichopaswa kusema kwenye simu: kwamba nilidanganya, kwamba nilimbandika makusudi kwa sababu ya misumari na Maka. Akaitikia kwa kichwa, akaichukua ile sumaku, akaipitisha juu ya mkeka alipokuwa akishona. Ikaokota sindano mbili.

"Hii nabaki nayo," akasema.

Nikainuka kwenda kunawa. Njia ya kwenda kwenye maji inapita mbele ya banda. Shangazi akaacha mkeka, akanitangulia, akafunga mlango wa banda kwa komeo, kisha akarudi kukaa.

Nilinawa mikono muda mrefu sana.