Futi Sita za Mama

Enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru, mtaa wetu wote wa Mazwi ulifungua magenge ya mboga. Mama yangu naye akataka genge lake. Bwana wa soko akampa upenyo kati ya vibanda viwili, akamwonya kuwa meza isiposimama kabla ya Jumatatu, nafasi itakwenda kwa mwingine. Mama aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote.

Basi akavua ndala, akapima kama tunavyopima matuta shambani kwetu: kisigino kikigusa dole gumba, mguu kwa mguu. Akaenda kwa fundi seremala. "Nitengenezee meza ya futi sita."

Lo! Jumamosi meza ikaja, ikagoma kuingia. Fundi akavuta tepu: futi sita kamili. Mama akavua ndala tena, akatembea kwenye upenyo wake: futi sita kamili! Wakapandishiana sauti mpaka wauza dagaa wakaacha wateja.

Akatokea sista mmoja Mjerumani wa misheni, mteja wetu wa mayai. Kusikia kisa, alicheka hadi akashika nguzo. Akatueleza kwamba kwao mguu ni "Fuss", kwa Waholanzi "voet", kwa Waingereza "foot", ndiyo hiyo sisi tunaita futi. Wote wajukuu wa neno moja la kale, "fots", la watu ambao hawakuacha maandishi.

"Sasa mmelijuaje?" mama akamdaka.

"Wataalamu wanawatazama wajukuu, Mama, wanakisia sura ya babu."

"Basi kosa ni la huyo babu yenu, Sista. Kawaachia neno, mguu kaondoka nao!"

Fundi akacheka, hasira zikamwisha, akashika msumeno, akaikata meza kwa futi sita za mama. Jumatatu mama aliuza nyanya, kichwa juu.

Alifariki nikiwa mbali masomoni. Picha pekee tuliyo nayo inamwonyesha kuanzia kiunoni kwenda juu. Nilimlilia sana. Meza niliichukua, iko jikoni kwangu.

Juzi binti yangu, ambaye hakuwahi kumwona bibi yake, alipanda juu ya meza hiyo peku, akaanza kutembea kisigino kwa dole gumba, anahesabu kwa mchezo.

"Shuka mezani, we mtoto!"

Hakunisikia. Alipotaja sita, dole gumba lake lilikuwa ukingoni kabisa, halikuzidi wala halikupungua. Nikavuta kiti, nikakaa.

"Samahani mama, nashuka."

"Usishuke," nikamwambia. "Rudi mwanzo, utembee tena."