Inua Ulimi

Nesi wa kliniki ya wajawazito kijijini Nambilanje hakuamini mdomo uliofungwa. Ukishameza vidonge vya kukinga malaria mbele yake, alikuinua kidevu kwa kidole kigumu: "Inua ulimi." Siku moja akavikuta vya mjamzito Zipora chini ya ulimi, vimelowa tu. Mama mkwe aliyemsindikiza Zipora akadakia, "Mimi nimezaa saba bila vidonge vyenu." Nesi akageuka, mishipa ya shingo imemsimama. "Mwili wako ulijifunza mimba baada ya mimba, mama. Una kingamwili, walinzi wa damuni, zinazonata kama alama kwenye seli zenye malaria, na seli za kinga zinazoua zikiiona alama hiyo zinashambulia. Huyu mimba yake ni ya kwanza, bado hana. Wewe, mtoto wako wa kwanza yuko wapi?" "Kaburini," akasema mama mkwe. Zipora akameza vingine. Aliyemwinua kidevu safari hii alikuwa mama mkwe. "Inua ulimi," alisema.