Kanda Yangu na Miguu ya Mama Watoto

Mimi shule niliachia darasa la tatu, na kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma, hakuna mtu alinifundisha. Nilijinunulia kwa jasho la kupasua mbao, nikajifunza peke yangu, na kufikia miaka ya elfu mbili hakuna harusi ya watu wetu Trans-Nzoia iliyonoga bila mimi. Wazee waliotoka Mlima Kenya walicheza mwomboko wangu, hatua mbili mbele, kisha magoti yanakunjwa, mpaka vumbi linawafika kiunoni.

Nikaona harusi hazinitoshi, nataka kurekodi kanda. Na si kanda ya mwomboko mtupu. Nilimwita mwimbaji wa kantri kutoka Bungoma mjini, jamaa wa kofia pana na gitaa, halafu mzee wa Misikhu anayepiga litungu, kile kinubi cha Wabukusu. Watu walicheka, ati nachanganya githeri na ugali. Niliwaambia wangoje.

Mzee alitupa siku moja tu. Ulikuwa mwaka wa tohara, kesho yake angeanza kuzunguka kwa wajukuu wanaotahiriwa, na huko angekaa mwezi mzima. Ikishindikana leo, kanda imekufa.

Mama watoto aliomba kuja asubuhi hiyo. Nilimjibu kwamba studio si mahali pa wanawake, aende sokoni auze viazi vyake.

Studio ilikuwa chumba kimoja Kitale, kuta zimebandikwa trei za mayai. Tukaanza. Wimbo wa kwanza nikawaacha wenzangu nyuma. Wa pili pia. Mwenye studio akanikanya nisitembee, maana maiki haina miguu. Nikakaa. Goti likaanza kuruka, vidole vikafuata goti. Akanivua viatu, visigonge sakafu. Bado nilikimbia mbele ya mdundo. Nikalaumu gitaa, nikalaumu joto, nikatoka nje mara tatu nikarudi bila kujua nilitoka kufanya nini.

Saa nane ikafika. Jamaa wa kantri akaanza kufunga gitaa lake. Mzee akalaza litungu mapajani.

"Ndugu yangu," akaniuliza, "wewe ukipiga, huwa unaangalia nini?"

Nikafikiri. Maisha yangu yote nimepiga nikiangalia miguu ya watu. Wakiinama, nangoja. Wakiinuka, naenda. Humu ndani nilikuwa naangalia trei za mayai.

Mzee akacheka. "Basi enda utafute miguu."

Nilitembea hadi sokoni Tuwan haraka, miguu mitupu, kwa sababu viatu nilivisahau. Mama watoto alikuwa kwa kibanda chake, anapanga viazi. Nikamwambia tunamhitaji kidogo tu. Hakuinua uso.

"Studio imekuwa mahali pa wanawake saa ngapi, Baba watoto?"

Wenzake wa vibanda vya jirani wakasogea kusikiliza vizuri. Mimi mtu wa kuogopwa, bana, nikabaki pale nasugua mguu mmoja kwa mwingine. Nikamwambia bila yeye siwezi.

"Sema wasikie."

Nikasema tena, kwa sauti. Akafunika viazi na gunia, akamwachia jirani, akatangulia.

Studioni alivua malapa, akasimama mbele yangu kwa sakafu ya saruji. Hatua mbili, akainama. Hapo vidole vyangu vikatulia kama ng'ombe aliyeona mkamuaji wake. Litungu likaingia chini, gitaa likaingia juu, na jamaa wa kofia akaimba macho yamefungwa. Tulimaliza nyimbo sita kabla jua halijashuka, na mzee akafika kwa wajukuu wake.

Kanda ilisikika mpaka Cheptais. Kila mtu aliniuliza ile ngoma nzito ya chini kwa chini ni ya nani, na miaka yote nimewajibu ni ufundi wangu, siutoi. Mama watoto akinisikia, huondoka hapo. Sasa naandika ilivyokuwa: ni miguu yake, kwa saruji. Na mpaka leo nikipiga naye hayupo, bado nakimbia.