Treni ya Ballinamore

Kila asubuhi Dympna akipeleka mkate kwa jirani, humkuta mzee kwenye meza ya jikoni, miwani imemshuka puani, akipaka rangi kibehewa cha mfano wa treni ya reli iliyong'olewa zamani. Mikono yake mikubwa hutetemeka mpaka brashi iguse mbao. Hapo hutulia kabisa. Huku akipaka, hukibembeleza kibehewa kwa sauti ya chini.

Leo mkewe, Attracta, ambaye kumbukumbu zimemtoka, aliinama kuchungulia vidirisha.

"Hii inafika Ballinamore?"

"Inafika, bibi yangu."

"Mume wangu ananisubiri stesheni. Kwani wewe nani?"

Brashi ikasimama. Dympna akageuza uso.

"Mimi kondakta tu, mama," mzee akasema. "Keti. Nitakufikisha kwake."