Samli Iliyokwenda kwenye Boti

Jumanne, tarehe 9 Novemba 1965. Mawingu tangu alfajiri, joto la kubana kifua, upepo hakuna. Kwetu mvua haikunya, ila ilinyesha huko juu, maana mto ulishuka mwekundu na kubeba magogo.

Hivyo ndivyo daftari langu linavyosema. Mengine niliyoandika siku ile ni vyuma tu: kipi kimefunguka, kipi kimekataa. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika. Lugha ya mama yangu sikuwahi kuiona ubaoni. Nilisoma madarasa manne, na huenda mengine nimeyapanga upya kichwani miaka ikipita. Pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Boti aliinunua mume wa dada yangu. Mimi na yeye tuliitana seeddi, ndivyo mashemeji wanavyoitana kwetu. Aliyemuuzia alikuwa Mzungu mmoja aliyekuwa akipima mto, na sasa alikuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Ilikuwa boti ya mbao, ndefu kama mgongo wa lori, na haikuwa na pangaboi nje kama boti nyingine. Pangaboi lake lilifichwa ndani ya bomba. Injini ikilizungusha, bomba hunyonya maji chini ya tumbo la boti na kuyatema nyuma kwa nguvu, na maji hayo ndiyo yanayoisukuma. Kwa mto wetu, ambao leo una kina na kesho ni mchanga mtupu, kilikuwa chombo kinachofaa. Hilo nalikubali hata leo. Waliosema seeddi alikuwa mjinga hawakumtendea haki.

Alitoa ngamia wake wa mwisho, majike sita. Nilimuuliza kwa nini.

"Ngamia akiwa malishoni, usiku anachukuliwa na shifta wa msituni, mchana anachukuliwa na askari," alisema. "Boti nitaifunga mbele ya macho yangu. Nitaleta mahindi na ndizi kutoka mashamba ya chini. Watu hawataacha kula kwa sababu ya vita."

Sisemi kila askari alichukua, wala kila mtu wa msituni. Nasema seeddi alikuwa na ngamia arobaini kabla ya vita, na mwaka ule alibaki na sita.

Lakini boti ilikuwa imelala ufukweni miezi mingi bila kuguswa, na kila kilichotakiwa kuzunguka ndani yake kilikuwa kimeganda. Na palikuwa na sharti. Ofisa wa wilaya alimwambia seeddi kwamba chombo chochote mtoni lazima aone kwa macho yake kikienda, kikipinda na kusimama. Kisichoweza, kitatobolewa. Hakutaka kuacha chombo ufukweni watu wa msituni wakakiokota na kuvukia. Angekuja Alhamisi asubuhi, saa tatu. Kwa hiyo tulikuwa na Jumanne na Jumatano, na siku zenyewe fupi, kwa sababu saa kumi na mbili jioni kila mtu alitakiwa awe ndani ya nyumba.

"Utaiweza, seeddi?" aliniuliza.

"Injini ni injini," nikasema.

Hilo ni neno la mtu asiyejua. Nilikuwa nimefanya kazi miaka miwili kwenye karakana ya malori ya barabara, nikiosha vyuma na kuwashikia mafundi taa. Spana nilizijua kwa namba zake. Boti ya namna ile sikuwahi kuiona. Lakini alinitazama kama mtu anayemtazama daktari, na mimi sikuwa nimetazamwa hivyo tangu nizaliwe.

Dada alikuja ufukweni kuiona. Aliizunguka mara moja, mikono kiunoni.

"Mmeniletea mzoga wa mbao," alisema. "Angalau ngamia akifa tunakula nyama."

"Huyu hali majani," mumewe akamjibu. "Na hapigi teke."

"Hapigi teke kwa sababu amekufa."

Seeddi alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeingiza mkono ndani ya bomba na pangaboi halikusogea hata kidogo.

Injini, kwa bahati, haikuwa mbaya. Iliwaka Jumanne kabla ya adhuhuri, ikatoa moshi mweusi, ikatulia. Pangaboi lilikuwa limebanwa na mchanga ulioshikamana kama saruji, na ndani ya mchanga kulikuwa na mzizi na kipande cha kamba ya katani. Nilivitoa kwa kisu na vidole mpaka kucha zikavuja damu. Jioni likazunguka. Nilirudi nyumbani nikijiona fundi.

Jumatano ilinirudisha mahali pangu. Vilibaki viwili: mdomo wa bomba, ule unaogeuka kulia na kushoto ili boti ipinde, na kibakuli cha chuma kinachoshuka mbele ya mdomo na kuyarudisha maji ili boti isimame. Pini zake zilikuwa zimeshikana na kutu. Mafuta ya taa tuliyokuwa nayo nilimimina yote, na dukani hayakuwapo. Nikachukua nyundo. Seeddi akanishika mkono.

"Ngamia akikwama kuzaa, unampiga nyundo?"

"Huyu si ngamia, seeddi."

"Basi mpige, uvunje, kesho ofisa atakusaidia kumalizia."

Alisema kweli. Bomba lilikuwa la chuma chepesi, kile kinachopasuka kama chungu. Nikaiweka nyundo chini. Nikakumbuka karakanani mzee mmoja alikuwa anapasha nati moto kisha anaigusisha nta, nta inaingia yenyewe ndani ya nyuzi. Nta hatukuwa nayo. Nikaenda kwa dada nikamwomba samli.

Hiyo ndiyo samli pekee iliyokuwa ndani ya nyumba, kibuyu kimoja, ya maziwa ya mwisho ya wale ngamia. Nilimwambia nataka kidogo. Dada alinitazama, akakitazama kibuyu, akanipa chote.

"Kidogo chako nakijua," alisema. "Chukua, walaal, ndugu yangu. Ila hicho chuma kikinywa samli yangu kisipotembea, nitakuja kukilamba mwenyewe."

Tuliwasha mkaa, tukavuvia kwa kiriba. Nilikuwa na vipande viwili vya nondo. Kimoja kikiwa motoni, kingine nakibana kwenye pini mpaka kipoe. Pini ikipata joto natia samli. Inachemka, inatoa harufu ya nyumba yenye sherehe, inazama. Nasubiri. Nondo tena, samli tena. Mdomo uliachia baada ya swala ya adhuhuri. Kibakuli kilikataa mpaka alasiri imepita, na kibuyu kilikuwa kikavu, kisha kikatoa mlio mdogo kama wa jino linalong'oka, kikashuka. Nilikipandisha, kikashuka tena. Samli yote iliishia humo.

Seeddi alipiga kelele ya furaha. Alimshukuru Mungu, akanishukuru mimi, akaniambia nimpe ile nondo iliyokuwa motoni.

Hapa ndipo ninapojiuliza. Kwetu mnyama aliyenunuliwa hawi wako mpaka apigwe chapa. Kabla ya chapa ni mgeni zizini, na akipotea huna la kusema. Nilijua anachotaka kufanya. Nilijua pia kwamba mwendo mfupi kutoka pale, kando ya kituo cha polisi, kulikuwa na zizi la miiba, na ndani yake ngamia ambao askari waliwaleta kutoka msituni wiki ile. Walisema waliwakuta na shifta. Nilipita pale kila asubuhi. Kwenye shingo za wengine kulikuwa na mstari mmoja na nusu mwezi juu yake, na hiyo ndiyo chapa ya ukoo wa seeddi. Si yake peke yake. Ni ya watu wengi sana, mpaka kule Tarbaj, wengi wao hajawahi kuwaona.

Nilifikiri jambo hili. Sikumbuki kama nililifikiri lote, au nilihisi tu kitu kinanichoma nikakiita uoga. Alikuwa anacheka. Hakuwa amecheka hivyo tangu ngamia wa kwanza wachukuliwe. Nikaitoa nondo motoni, nikaifunga tambara nyuma, nikampa.

Alichora mstari. Akachora nusu mwezi. Mbao ikatoa moshi mweupe.

"Sasa ana kwao," alisema.

Alhamisi mawingu yaliondoka. Ofisa alikuja kwa wakati wake, pamoja na koplo mmoja. Ofisa alikuwa mtu wa bara, kijana, mwenye adabu. Alitusalimia kabla ya kuuliza lolote, na si wote waliofanya hivyo. Niliiwasha. Seeddi alishika usukani, kwa sababu alisema boti yake ataiongoza mwenyewe. Tukaenda juu dhidi ya maji, tukapinda, tukashuka, tukapinda tena. Mbele ya ofisa nilishusha kibakuli. Maji yalirudi mbele kwa povu, boti ikasimama kama mtu aliyeitwa jina.

"Eh!" ofisa alisema. "Hii kitu ni nzuri. Mzee, umeiendesha miaka mingapi?"

"Tangu asubuhi," seeddi akamjibu, na wote watatu tukacheka.

Ofisa akatoa karatasi mfukoni. Koplo alikuwa ameshika kamba ili aivute boti ufukweni. Akainama.

"Afande," alisema, "hii alama naijua."

Nilisimama ndani ya maji mpaka magotini na nikahisi mto umepoa.

Ofisa hakupiga kelele. Alikwenda zizini na koplo, akarudi, akaitazama chapa, akaenda tena kwa ngamia, akarudi. Sitasema alikuwa na haraka ya kuhukumu.

"Eleza," alimwambia seeddi.

"Ni alama ya ukoo, afande. Wenye hii alama ni wengi. Mimi ngamia sina tena, wote nimetoa kwa hii boti."

"Kwa hiyo ukoo wako una ngamia msituni, na sasa una boti mtoni."

Jibu la kumpa nimelitafuta miaka yote na sijalipata, kwa sababu maneno yale, ukiyatazama kwa upande wa yule kijana, yalikuwa sawa.

"Nani alichoma?"

"Mimi."

"Na huyu?"

"Huyo ni fundi. Nilimwita alegeze vyuma."

Ofisa akanigeukia. "Kweli?"

"Kweli," nikasema. "Mimi ni fundi tu."

Kila neno lilikuwa la kweli. Sikusema kwamba mkewe ni dada yangu. Sikusema kwamba nondo iliyochoma niliipasha mimi, nikampa mkononi. Hakuniuliza, na sikusema. Seeddi alinitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesema "vizuri", kisha akaenda nao bila kuvutwa.

Alikaa ndani siku kumi na moja. Alitoka amekonda, na hakuwahi kuniuliza wala kunilaumu, na sijui kama hilo ni msamaha au ni uchovu. Boti haikutobolewa. Ilifungwa mnyororo kituoni ingoje uamuzi, na uamuzi haukuja. Mwaka uliofuata nilipita pale, mafuriko yalikuwa yameijaza matope. Nilijaribu kibakuli kwa mkono askari alipogeuka. Kilikuwa kimeganda. Chapa ilionekana vizuri.

Lakini ile Alhamisi yenyewe. Nilifika nyumbani alasiri imepita, nikamweleza dada yaliyotokea, yote, pamoja na nondo, pamoja na "fundi tu". Hakulia mbele yangu. Aliuliza kama boti ilitembea.

"Ilitembea," nikasema. "Ilitembea vizuri sana."

"Basi sitailamba," alisema, na akaenda kuwasha jiko, kwa sababu saa kumi na mbili ilikuwa inakaribia.

Alisonga soor, ugali wetu wa mahindi, ambao huliwa na shimo katikati lililojazwa samli. Alilitoboa shimo kwa mwiko kama kawaida ya mkono wake, akachukua kibuyu, akakiinamisha, akangoja. Kilitoa harufu tu. Akatenga sehemu ya mumewe, akaifunika kwa sahani. Tulikula soor kavu, na chai ya rangi.