Lita Nne za Dawa ya Kupe

Juzi nilikwenda duka la dawa za mifugo hapa Mikumi, kijana wa dukani akanipa na jagi lenye mistari ya lita. "Pima hapa tu mama, usijisumbue." Nikacheka peke yangu, halafu nikajisikia nimechoka, rafiki yangu, uchovu ule usioisha kwa kulala.

Maana sisi kule Zombo tulipima kwa jasho. Nilikuwa darasa la tano, nikiishi kwa bibi pamoja na mdogo wangu mchanga. Mama yetu alifariki akimzaa, na mtoto aliishi kwa maziwa ya jirani, mama mmoja mfugaji wa bondeni, aliyeleta kibuyu kila asubuhi. Ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, ikaingia. Ng'ombe wake wawili wakafa, akabaki mmoja, kupe wamemjaa masikioni kama kunde. Huyo naye akifa, mdogo wangu angekunywa nini? Uji ulikuwa unamharisha.

Jirani akaja na chupa moja ya dawa ya kuogesha. Akamwamkia bibi shikamoo, akaitikiwa, kisha akanipa karatasi nimsomee: chupa yote kwa lita nne za maji. Dawa ikiwa kali inamuunguza ng'ombe, ikiwa nyepesi kupe hawafi.

"Si kisado hicho hapo?" akasema jirani. "Kisado ni lita nne."

Bibi akakohoa. Yeye, mama wa kanisa wa kiti cha mbele, akainamisha uso. "Hicho ni cha sokoni. Nimekibonyeza kitako, hakifiki nne." Loo! Ndicho alichowapimia watu mahindi, na jirani mwenyewe alikuwa mteja. Jirani alicheka mpaka akakaa chini.

Tukabaki na madumu mawili ya mafuta ya kula, la lita tano na la lita tatu. Nikaanza kukisia, bibi akanipiga kibao mkononi. "Haraka haraka haina baraka. Tano imezidi nne kwa moja tu. Itoe hiyo moja." Kuitoa vipi sasa? Nilimimina, nikarudisha kwenye ndoo, nikamimina tena, kwa uangalifu, maana maji yale tuliyabeba kichwani toka mtoni. Mwishowe nikaona. Nikajaza dumu la lita tano, nikalijaza la lita tatu kutoka humo, zikabaki lita mbili. Nikarudisha zile tatu ndooni, nikatia zile mbili kwenye dumu dogo. Sasa lilitaka lita moja tu lijae. Nikajaza la lita tano tena, nikalimalizia dogo hiyo moja. Kwenye dumu kubwa zilibaki nne. Jirani akapiga kigelegele. Bibi akasema, "Haya, usijione profesa, shika kitambaa ukamwogeshe."

Ng'ombe akapona. Mdogo wangu akaota mashavu.

Siku hizi wakulima na wafugaji kule hawasalimiani. Mifugo ikiingia shambani, watu wanatoka na mapanga. Bibi hayupo tena, na jirani alihama na watoto wake bila kuaga, sijui aliko. Wiki iliyopita nilikwenda Zombo kwenye mkutano wa kijiji. Aliyesimama akapaza sauti kwamba wafugaji wafukuzwe, waondoke na harufu yao ya maziwa, alikuwa mdogo wangu. Watu wakampigia makofi. Nilitaka kusimama niseme. Nimechoka, jamani. Nilibaki nimekaa.